Takwimu za maoni kuhusu akili mnemba: Uliza kipimo kabla ya kununua

WAFANYABIASHARA wa nafaka wanajua kwamba bei ya gunia haina maana mpaka ijulikane gunia lenyewe ni la kilo ngapi. Gunia la kilo 100 na gunia la lumbesa yote huitwa gunia, na mkulima aliyewahi kuuza kwa lumbesa anajua alichopoteza.

Wiki hii safu hii inaweka kando bei za mahindi, mchele na maharage ili kutazama bidhaa nyingine ambayo imeanza kuuzwa mjini bila mizani: takwimu za maoni ya wananchi kuhusu akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazofanya kazi ambazo tulizoea kuona zikifanywa na akili ya mtu.

Sababu ni ziara ya msomaji wetu mmoja, mzee mwenye kampuni ndogo ya mikopo jijini Dar es Salaam. Alifika ofisini na kijitabu cha rangi alichoachiwa na wakala anayeuza programu ya kuchambua maombi ya mikopo. Ukurasa wa pili uliandikwa kwa herufi nene kwamba wananchi walio wengi katika nchi zinazoendelea wanaiamini akili mnemba. Chini yake kulikuwa na asilimia, lakini hapakuwa na jina la aliyepima, mwaka, wala idadi ya watu walioulizwa.

Kampuni ya mzee huyo ina maofisa mikopo wanne. Programu ikinunuliwa, watatu kati yao hawatakuwa na kazi, na wateja, wengi wao akina mama wa sokoni, watajibiwa na mashine. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: je, asilimia ile inatosha kumfanya atoe fedha zake?

VIPIMO VITATU, MWAKA MMOJA

Tuanze na mwaka 2021, kabla ya programu ya ChatGPT kutolewa hadharani Novemba 2022. Katika mwaka huo mmoja palifanyika angalau vipimo vitatu vikubwa.

Cha kwanza kiligharimiwa na mfuko wa Lloyd's Register Foundation wa Uingereza na kufanywa na kampuni ya Gallup ya Marekani, kwa kuwahoji watu wapatao 125,000 katika nchi 121. Waliulizwa kama akili mnemba itawasaidia zaidi au itawadhuru zaidi watu wa nchi yao katika miaka 20 ijayo. Asilimia 39 walisema itasaidia, asilimia 28 walisema itadhuru. Theluthi iliyobaki haikuchukua upande au haikuwa na jibu.

Cha pili kilikuwa cha kampuni ya Ipsos, mwishoni mwa mwaka huo, katika nchi 28. Hapo asilimia 52 walikubali kwamba bidhaa na huduma zenye akili mnemba zina faida kuliko hasara. Nchini China waliokubali walikuwa asilimia 78. Marekani walikuwa 35 tu.

Cha tatu kilikuwa cha kituo cha utafiti cha Pew, Novemba 2021, kwa Wamarekani peke yao. Asilimia 37 walisema wana wasiwasi zaidi kuliko furaha.

Sasa, muuzaji wa programu akitaka kumvutia mteja atachukua 52. Mwanasiasa anayetaka sheria kali atachukua 37 na kusahau kutaja kwamba ni ya Marekani. Mwandishi wa habari asiye na muda atachukua iliyo karibu. Hakuna hata mmoja atakayekuwa amesema uongo. Lakini swali la kwanza lilihusu nchi na miaka 20, la pili bidhaa na huduma, na la tatu hisia za mtu moyoni.

Kuna tofauti nyingine ndogo inayopotosha wengi. Pew humtaka mtu achague: wasiwasi zaidi, furaha zaidi, au vyote sawasawa. Ipsos huuliza furaha peke yake na wasiwasi peke yake. Ndiyo maana mwaka 2023, katika nchi 31, Ipsos ilipata asilimia 54 wenye furaha na asilimia 52 wenye wasiwasi. Ukijumlisha unapata 106, na si kosa la hesabu. Wapo waliojibu ndiyo mara mbili, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuchukua mkopo benki atalielewa.

NANI ALIYEULIZWA?

Wanafunzi wa biashara hufundishwa kisa cha gazeti la Literary Digest la Marekani, na nitakirudia kwa sababu kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1936 gazeti hilo lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48.

Majina na anwani nyingi gazeti lilizitoa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya njaa, mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walioziacha. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo sana ukilinganisha na hiyo, alibashiri mshindi sawasawa.

Weka intaneti mahali pa kitabu cha simu, nawe umefika kwetu. Vipimo vingi vya leo kuhusu akili mnemba hufanywa kwa mtandao, kwa watu waliokwisha kujiandikisha kujibu maswali. Ipsos yenyewe huandika wazi kwamba katika nchi kama China, India na Afrika Kusini sampuli yake ina watu wa mjini, wenye elimu na wenye uwezo kuliko wananchi kwa ujumla. Maneno hayo huwa chini kabisa ya ripoti, na yakifika kwenye kijitabu cha wakala huwa yamekwisha dondoka njiani.

Simaanishi kwamba tofauti ya China na Marekani ni ya kubuni. Gallup, katika kipimo chake cha 2019, nayo ilikuta asilimia 59 ya Wachina wakisema akili mnemba itasaidia na asilimia 9 tu wakisema itadhuru, wakati Amerika Kaskazini waliosema itadhuru walikuwa asilimia 47. Tofauti ipo. Ukubwa wake ndio unaotegemea mlango ulioingilia: 78 kwa mlango mmoja, 59 kwa mwingine.

Nadhani asilimia iliyo katika kijitabu cha mzee ilitoka katika aina hii ya vipimo. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Melbourne na kampuni ya KPMG ya mwaka 2025, iliyohusu watu zaidi ya 48,000 katika nchi 47, ilieleza kwamba katika nchi zinazoinukia kiuchumi asilimia 57 wako tayari kuiamini akili mnemba, dhidi ya asilimia 39 katika nchi tajiri. Ni kazi kubwa na ya maana. Lakini ilikusanywa kwa mtandao, na mama anayekopa shilingi 200,000 kununulia magunia ya vitunguu hayumo humo.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana, ila ina gharama. Pew huchagua anwani kwa bahati nasibu, na aliyechaguliwa akiwa hana intaneti humpa kompyuta bapa na kumlipia mtandao. Mpango wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza ulifanya jambo hilohilo Tanzania Bara: kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikapewa simu na chaja za nguvu za jua, kisha zikawa zinapigiwa na kuhojiwa. Afrobarometer hufuata njia ya zamani ya kwenda nyumba kwa nyumba na kumhoji mtu uso kwa uso kwa lugha anayoichagua mwenyewe.

NENO LENYEWE

Hapa ndipo kwa maoni yangu Waswahili tuna tatizo letu wenyewe, na makampuni ya kigeni hayalijui.

Tanzania neno linalotumika serikalini na kwa wataalamu wa lugha ni akili mnemba. Kenya watu wengi husema akili bandia, na wako wanaopendelea akili unde, kutokana na kuunda. Jaribu kujiweka mahali pa anayeulizwa. Bandia ni noti, ni dawa, ni mbegu iliyokataa kuota shambani. Ukimwuliza mkulima kama anaiamini akili bandia umekwisha mjibia. Mnemba, kwa mtu wa pwani, ni kisiwa cha watalii pale kaskazini mashariki ya Unguja, na kwa mtu wa bara mara nyingi si kitu. Unde haina ubaya wala uzuri, lakini wangapi wanaijua?

Maneno huhamisha asilimia hata katika lugha ambayo kila mtu anaielewa. Mwaka 1940 Wamarekani waliulizwa jambo moja kwa namna mbili. Walipoulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadhara za kupinga demokrasia, asilimia 62 walisema isiruhusu. Kundi jingine lilipoulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo, waliosema ipige marufuku walikuwa asilimia 46. Kutoruhusu na kupiga marufuku ni kitu kimoja mbele ya polisi, lakini si kimoja masikioni.

Kuna jambo baya zaidi. Watu hutoa maoni hata juu ya kitu ambacho hakipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1980, waliwauliza watu kuhusu sheria ya mwaka 1975 waliyoibuni wenyewe. Kiasi cha theluthi moja walisema wanaiunga mkono au wanaipinga.

Sasa soma takwimu hii pamoja na hiyo. Katika kipimo cha Pew cha mwaka 2025 katika nchi 25, karibu nusu ya watu wazima wa Marekani, Japani, Ujerumani na Ufaransa walisema wamesikia mengi kuhusu akili mnemba. Kenya, nchi ya M-Pesa na ya vijana wanaojulikana duniani kwa kompyuta, waliosema hivyo walikuwa asilimia 12. Mtu akikuletea maoni ya nchi nzima ya Afrika Mashariki kuhusu akili mnemba, kitu cha kwanza kumwuliza ni alimfanya nini yule ambaye hakuwahi kuisikia: alimweleza kwanza, alimruka, au alimlazimisha achague ndiyo au hapana?

UNGAMO LA KARANI

Nasema haya nikiwa nimewahi kuishika kalamu hiyo. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea biashara, wakati wa likizo nilifanya kazi ya udodosaji kwa kampuni moja iliyokuwa ikipima maoni kuhusu huduma mpya ya simu. Tulilipwa kwa idadi ya madodoso, si kwa siku.

Mama mmoja muuza mchele alinijibu ndiyo kwa kila swali, hata yale mawili yaliyopingana. Nilipomwonyesha, akacheka na kusema, "Andika unavyoona mwanangu, mimi nisikukwamishe kazi yako." Alikuwa ananifanyia heshima. Mgeni amekuja na karatasi, ametembea juani, huwezi kumpa jibu la kumvunja moyo.

Na siku ya mwisho, nikiwa nimebakiza mawili na mvua inanyesha, niliyajaza mwenyewe chini ya mwembe. Wenzangu walijaza zaidi ya mawili. Huduma ile ilizinduliwa kwa matangazo makubwa na haikudumu. Siwezi kusema ilikufa kwa ajili ya madodoso yetu, lakini aliyeiwekea fedha hakujua kwamba baadhi ya wateja wake walikuwa ni mwembe.

ULIZA TENDO, USIULIZE JINA

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, kupitia kampuni ya YouGov, waliwahoji Wamarekani 2,000. Waliokuwa wakiunga mkono kuendelezwa kwa akili mnemba walikuwa asilimia 41, waliopinga 22. Lakini walipoonyeshwa orodha ya vitu na kuulizwa kipi kinatumia akili hiyo, walio wengi walidhani kwamba utafutaji wa Google na tafsiri ya Google havimo. Walikuwa wakiunga mkono au kupinga kitu walichokuwa wakikitumia kila siku bila kukitambua.

Miaka sita baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Gallup ilieleza mapema mwaka 2025 kwamba asilimia 99 ya Wamarekani walikuwa wametumia angalau bidhaa moja yenye akili mnemba ndani ya wiki moja, na karibu theluthi mbili hawakujua.

Kwetu mfano uko mfukoni. Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ije Tanzania mwaka 2014, mamilioni ya watu wamekopa kwa simu bila kuonana na ofisa mikopo. Kompyuta hutazama mwenendo wa mteja na kuamua kiasi. Mkopaji hasemi kwamba ameamini akili ya mashine. Anasema simu imemkubalia au imemkatalia.

Kwa hiyo mwenye biashara anayetaka kujua wateja wake watapokeaje mashine ana swali bora kuliko lile la kuamini au kutoamini. Awaulize: mara ya mwisho ulipokataliwa mkopo na simu, ulifanya nini? Ulijua sababu? Ungependa kumpata mtu wa kumlalamikia, na uko tayari kusafiri umbali gani kumfuata? Majibu ya maswali hayo hayatoshi kuandikwa kwa herufi nene kwenye kijitabu, lakini ndiyo yanayoonyesha kama mteja atarudi.

TAKWIMU INAYOSTAHILI BEI YAKE

Pamoja na yote haya, sikubaliani na wanaosema vipimo vya maoni ni ramli. Kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Kipimo kilekile kikirudiwa kwa swali lilelile na kwa watu waliochaguliwa kwa njia ileile hueleza jambo, kama bei ya soko moja ikiandikwa kila wiki kwa debe moja.

Mfululizo wa Pew ndio mfano mzuri. Wamarekani wenye wasiwasi zaidi kuliko furaha walikuwa asilimia 37 mwaka 2021 na 38 mwaka 2022. Mwaka 2023 wakaruka hadi 52. Kisha wakawa 51 mwaka 2024 na 50 mwaka 2025. Hata kama hulikubali swali lenyewe, huwezi kuukataa mruko ule wa pointi 14 ndani ya miezi michache baada ya ChatGPT kutoka, wala kutuama kulikofuata. Watu waliongeza matumizi, na wasiwasi haukushuka.

Pew pia iliwauliza wataalamu wa fani hiyo mwaka 2024. Wenye furaha zaidi walikuwa asilimia 47. Miongoni mwa wananchi walikuwa 11. Anayeuza programu hukaa na kundi la kwanza, anayenunua mkopo yuko katika la pili.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, wateja wengi hupoteza fedha hapa. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa kosa la takriban asilimia 3 juu au chini. Ukitaka kosa hilo lipungue kwa nusu unahitaji watu 4,000, si 2,000. Afrobarometer hutumia 1,200 au 2,400 kwa nchi nzima. Lakini sampuli ya 48,000 isiyomfikia mteja wako ni hasara kuliko wateja wako 200 uliowaita kwa bahati nasibu kutoka katika daftari lako na kuwasikiliza mmoja mmoja.

Hilo la mwisho ndilo tulilomshauri mzee. Daftari analo, na maofisa wanne wa kuuliza anao, ingawa tulimwonya kwamba ofisa anayeogopa kufukuzwa hawezi kuuliza swali hilo bila kuelemea upande. Afadhali awakodi wanafunzi, awalipe kwa siku, na awapigie simu baadhi ya waliohojiwa kuhakikisha kama kweli walifikiwa.

Aidha tulimpa maswali ya kumpelekea wakala: walioulizwa ni akina nani, walifikiwa kwa njia gani, neno gani lilitumika kwa Kiswahili, na wasiojua waliwekwa wapi. Alituma barua siku iliyofuata. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa amepokea jibu moja, nalo lilikuwa nakala nyingine ya kijitabu kilekile. Maofisa mikopo wanne bado wako kazini, na mzee amesema hatatia saini chochote kabla ya mwisho wa mwezi ujao.